Jumapili za Fanueli

Skola Mgaya aliingia nyumbani kwangu bila kubisha, na ngozi ikaniarifu kiganjani kwamba nimepata mgeni, mwanamke wa makamo, hali yake shwari.

Shwari gani hiyo. Mtu alikuwa amenikamata mkono anautikisa kama anayeng'oa muhogo, vidole vimelowa jasho asubuhi ya Julai, tena Njombe, ambako mwezi huo hata maji ya kunawa yanauma. Nilimjua kwa pete yake iliyopinda na moshi wa kuni za miwati kwenye kitenge chake. Skola alikuwa mkalimani wangu wa mguso tangu nilipokuwa msichana mpaka kampuni ilipotuletea ngozi. Baada ya hapo aliambiwa kazi yake imekwisha, na alikuwa hajakanyaga kwangu tena.

"Vua," aliandika kwa kidole juu ya ngozi.

Ngozi nayo, kwa chini, ikaniandikia: Mgeni anakutakia asubuhi njema.

Nilisimama hapo na maneno mawili kwenye mkono mmoja, moja la kidole cha mtu na moja la mashine, na hayakufanana hata kidogo. Ngozi ni kitu chepesi kama utando wa kitunguu, unaivaa kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, ukiizoea unasahau kwamba umeivaa. Niliichuna yote. Baridi ikaniingia mkononi.

Nilikuwa katikati ya kuandaa Habari za Kiganjani. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi nawapelekea viziwi wasioona wa Nyanda za Juu Kusini taarifa ya siku: bei za mazao, mvua, kliniki zinapofanyika, kinachosemwa bungeni kuhusu haki zetu, na waliofariki. Nilisikia na kuona mpaka darasa la tano, kabla ya homa ya uti wa mgongo, na nakumbuka vizuri jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza redio ikisoma habari. Nilitaka watu wangu wawe na heshima hiyo pia.

"Dada Eda," Skola aliandika kwenye kiganja kitupu, herufi zikikanyagana. "Nilikuwa nakuheshimu. Mtoto wa Mzee Yeremia amekufa, mji mzima umelia, na wewe siku ile umewatangazia wenzako bei ya viazi. Nimekaa na hasira miezi minne. Leo nimeona nije nikuulize moyo wako ulienda wapi."

"Mtoto yupi?"

"Kwani ana wangapi wa kiume?"

Mzee Yeremia, kiziwi asiyeona kama mimi, alikuwa na mmoja, Fanueli, aliyekwenda kuchimba barafu Mwezini. Skola alinieleza lote. Handaki liliporomoka mwezi wa tatu likawafukia vijana waliokuwa zamu, na Fanueli alikuwa mmoja wao. Ilitangazwa kila mahali duniani isipokuwa mikononi mwetu.

"Haiwezekani," nilimwandikia. "Jumapili iliyopita alimtumia baba yake salamu. Mzee mwenyewe amenisomea. Anasema atarudi Desemba."

 Niliyahisi mapigo ya damu kwenye kidole gumba cha Skola.

"Basi anayemwandikia ni nani?" aliuliza.

Mimi nilikuwa nakumbuka mwezi wa tatu. Kulikuwa na matanga kwa Elisha, mdogo wake Mzee Yeremia, nami nilikwenda. Ngozi ilisema aliyefariki ni shemeji wa mbali, mtu wa Songea. Mzee alipeleka gunia la viazi na tenga jipya alilolisuka mwenyewe, kwa vile hakuna msiba anaokwenda mikono mitupu. Tulikaa mkekani bega kwa bega. Watu walikuja kumshika mkono mmoja baada ya mwingine, na wengine wakanishika mimi pia, nikadhani ni adabu tu ya watu wa kwetu. Mzee Yeremia alichangia msiba wa mwanawe wa kumzaa, akala na ubwabwa wake, na mimi nilikuwa pembeni yake nikimsogezea sahani.

*

Tulikwenda ofisi ya kampuni siku hiyohiyo, mimi na Skola, nikiwa mkono mtupu, bila ngozi. Ofisa aliyetupokea aliitwa Kilimba. Kiganja chake kilikuwa laini na kilinukia sabuni ya wageni.

Wasiowahi kutumia mkalimani wa mguso hawajui kwamba anafanya kazi kwa mikono miwili. Wa kwanza unaandika maneno kwenye kiganja. Wa pili unakaa mgongoni mwako na kukuambia mengine: mtu amecheka, mtu amenuna, mtu anatazama mlango. Kanuni yao ni kwamba hawapunguzi na hawaongezi. Ukitukanwa, unalipata tusi lako lote, unaamua mwenyewe la kulifanyia.

"Mama, sisi hatudanganyi," alisema Kilimba. "Tunapanga muda wa habari."

Mgongoni Skola akachora: anatabasamu kwa mdomo peke yake.

Nilimwambia aeleze kana kwamba anamwelezea mtoto, maana siku hiyo nilijiona mjinga wa kutosha. Akaeleza. Ngozi inapokea kila kinachosemwa na kuandikwa karibu na mvaaji, inakigeuza kuwa mguso na kukileta mkononi. Katikati ya kupokea na kuleta kuna hatua moja, wanaiita utulivu. Ngozi inapima mapigo ya moyo, jasho na mtetemo wa misuli, na inajua neno lipi litamwumiza nani. Msimamizi wa mteja anachagua kiwango. Kikiwa cha chini, habari mbaya inafika kwa maneno ya upole. Kikiwa cha juu, haifiki.

"Na zile salamu za Jumapili?"

"Hiyo ni huduma ya mwendelezo. Tunazo salamu zote alizowahi kumtumia baba yake, tunajua anavyoandika, anavyotania. Ngozi inaendeleza. Msimamizi ndiye aliyeiomba, ambaye ni binti wa mteja."

"Mimi msimamizi wangu nani?"

"Wewe huna, mama. Wewe umo ndani ya duara." Mgongoni: anatazama saa. "Ninyi mnaongea kwa kushikana. Habari ikimfikia mmoja, jioni imewafikia wote. Kwa hiyo ukiweka utulivu kwa mtu mmoja, lazima uuweke kwa kila anayemgusa, la sivyo unavuja."

Kwa hiyo walikuwa wametufunga sote. Miezi minne nimewasomea watu habari zilizochujwa kwa ajili ya moyo wa mtu mmoja, na kila asubuhi nilianza kwa kuwaambia kwamba hizi ndizo habari kamili. Nilijisikia mchafu, kama mtu aliyegawa chakula kilichoharibika na kupokea shukrani.

"Nikiitangaza leo?"

"Haitapita. Taarifa yako inakwenda kwa njia ya ngozi." Kisha akaongeza, na Skola akanipa neno kwa neno: "Ukimwambia mkono kwa mkono hakuna wa kukuzuia. Ila ujue mteja akishafahamu, ngozi itahisi, na mwendelezo utafungwa. Ndiyo sheria yetu. Hatuwezi kumtumia salamu za marehemu mtu ambaye ameshaambiwa ukweli. Huo sasa ungekuwa uongo."

Nilimwomba Skola arudie, nikidhani amekosea. Akarudia vilevile. Nikacheka, naamini kwa sauti, kwa kuwa mgongoni Skola alichora kwamba watu wote ofisini wamegeuka.

*

Binti yake Mzee Yeremia anaitwa Benadeta. Alinisubiri nje ya boma la baba yake. Nadhani Kilimba alikuwa ameshampigia simu. Benadeta akamwomba Skola asogee pembeni, akasema ni mambo ya ndani. Hakuwa anajua lugha yetu ya mkono. Alipokuwa mdogo alianza kujifunza, ngozi ilipokuja akaacha, na hakuwa peke yake. Mji mzima uliacha. Alinikunjua kiganja akaandika kwa kidole herufi kubwa za shuleni, moja moja, akipangusa kiganja changu kila baada ya neno kana kwamba ni ubao.

MOYO WAKE MBOVU, aliandika. MAMA ALIPOFARIKI ALIANGUKA. ULIKUWEPO.

Nilikuwepo. Mimi na Fanueli ndio tuliomwinua.

DAKTARI ALISEMA MSHTUKO WA PILI UTAMUUA.

"Kwa hiyo umempa mtoto wa mashine," nilimjibu kwa mdomo. Sauti yangu ninayo bado, ingawa naambiwa inakwaruza.

 Kisha kidole kikarudi, chepesi.

JUMAPILI ANAKULA. SIKU NYINGINE NAMBEMBELEZA. SHANGAZI NAKUOMBA.

Ningependa kusema hapa kwamba Benadeta ni mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi. Hakuwa mbaya. Alikuwa binti aliyezika kaka bila maiti, akarudi nyumbani akapika, akamtazama baba yake akisomewa salamu za marehemu na kucheka, na hakuwa na pa kulilia. Nilichukia kwamba hoja yake ilikuwa na maana. Nilimshika bega.

"Mimi namgusa baba yako kila jioni," nilimwambia. "Nikinyamaza, mkono wangu nao utakuwa umevaa ngozi hata nikiwa nimeivua."

Aliniachia kiganja. Sikujua kama ameondoka au amebaki amesimama hapo akinitazama.

*

Watu wetu hawaitani kwa majina ya cheti. Kila mmoja ana jina la kuguswa, na jina hilo hujipi, unapewa na mtu anayekupenda. Asiye na jina, mgeni au mtu wa kupita, tunamgusa begani mara moja, kwa adabu, basi. Langu nilipewa na Mzee Yeremia mwenyewe nilipokuja kwenye chama chetu cha viziwi wasioona nikiwa na hasira na dunia nzima: kucha nne zinakwaruza mgongo wa kiganja, haraka haraka, kama mtu aliyeshika upupu. Alisema ndivyo nilivyo, nikimgusa mtu lazima ajikune. Nilimnunia wiki nzima. Baadaye nikajua kwamba hakuna kitu kizuri nilichowahi kupewa kuzidi hicho.

Nilimkuta amekaa sakafuni anapasua mianzi. Vumbi lake linawasha pua, na sakafu ya mbao ilitetemeka kila kisu kilipopita kwenye pingili. Alinihisi nikiingia, akaweka kisu chini, akanikwaruza mkono.

"Kamwene, Upupu."

"Kamwene, baba."

"Mkono wako wa baridi. Ngozi yako iko wapi?"

"Nimeivua. Nawe vua."

"Julai hii? Unataka nife?" Alinipiga kofi dogo la utani kwenye kifundo. "Kaa. Nimesuka tenga la Fanueli, la kubebea zawadi atakazoleta. Ameniambia Desemba. Ananiuliza kama pombe ya ulanzi itakuwepo, nikamwambia mianzi inagemwa ulanzi masika tu, umesahau na kwenu? Kweli huko juu wanasahau mambo."

Alinipitisha vidole kwenye tenga. Fito zilikuwa zimekazwa vizuri, ukingo umefungwa mara mbili. Nilipapasa ukingo ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vua, baba," nilisema tena. "Nina habari."

 Kisha nikahisi anaichuna, taratibu, akianzia kiwikoni. Mkono wake mtupu nilikuwa sijaushika tangu ngozi zije. Ulikuwa umezeeka. Kwenye shina la kidole gumba kulikuwa na kovu nene, nililikuta kwa bahati, naye akaruka kidogo.

Nikaanza kuandika. Nimewasomea watu vifo vingi, vya wazazi wao, vya wake zao, na mkono wangu haujawahi kusitasita, ndiyo sifa yangu. Siku hiyo niliandika F na A, nikasimama. Nikaandika tena F.

Mzee Yeremia akanikunja vidole vyote ndani ya ngumi yake. 

"Usiandike," alisema kwa mkono wake mwingine, kwenye mkono wangu mwingine. "Najua."

"Unajua nini?"

"Pale kwa Elisha. Watu walinipa pole kwa mikono miwili. Baba mchungaji alinishika mpaka nikahisi anatetemeka. Shemeji wa mbali gani wa kunipa mikono miwili? Mashine ikaniambia hili, mikono ikaniambia lile. Mimi nimeishi kwa mikono ya watu tangu kabla hujazaliwa, Eda."

Aliniita Eda. Aliandika herufi zote tatu.

"Na hili kovu," aliendelea. "Nilijikata nikimfundisha Fanueli kupasua mianzi, akiwa mdogo, akalia kuliko mimi. Tangu hapo kabla hajaniambia neno lolote analibonyeza kwanza. Hata kutoka huko Mwezini, salamu zake zote zilianza hapo. Jumapili ya kwanza baada ya matanga zilikuja salamu nzuri, za utani, na hazikuanzia hapo. Labda kampuni waliona kubonyeza si neno, wakaliacha."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Benadeta anayejibana anilinde? Wewe? Nilijua utakuja na habari yako kamili." Vidole vyake viligonga kwa nguvu, vikiniumiza. "Nilikuwa na Jumapili, Eda. Siku sita nilikuwa na marehemu, siku moja nilikuwa na mtoto. Nilijua ni uongo, nikaupokea kama mtu anavyopokea dawa ya maumivu. Si kwa kuwa nimedanganyika. Nilitaka, hata nikajizuia ngozi isihisi kwamba najua."

Nilimwambia kwamba mimi sikutaka. Nilimwambia kwamba sote tulifungwa kwa ajili yake, kwamba watu wa Makete na Ludewa walikuwa na haki ya kujua, kwamba kama leo wametuficha kifo kesho watatuficha sheria, na hakuna atakayejua. Niliyasema yote na yote yalikuwa kweli. Aliniacha nimalize.

"Hayo ni sawa," alisema. "Kwa hayo sina neno. Lakini ungeweza kwenda kupigana na kampuni bila kunipitia mimi."

"Ningekugusa vipi kila jioni nikijua?"

"Kama nilivyokugusa mimi."

 

Akaachia ngumi. Nilihisi sakafu ikitikisika, amejigeuza, ameketi wima na miguu amekunja, kama wanavyoketi watu wakisubiri taarifa. Akanipa kiganja chake wazi, kovu juu.

"Umekuja kusoma habari," alisema. "Isome. Yote, kama unavyowasomea wengine."

"Baba, tuache."

"Usipunguze, usiongeze. Si ndivyo mnavyosema? Soma."

Nikamsomea. "Habari za Kiganjani. Njombe. Fanueli Yeremia Mwalongo, mzaliwa wa Njombe, amefariki dunia mwezi Machi baada ya handaki la mgodi wa barafu kuporomoka Mwezini. Mwili wake haukupatikana. Matanga yalifanyika kwa baba yake mdogo, Elisha Mwalongo. Marehemu ameacha baba."

"Na dada," alisema.

"Ameacha baba na dada."

 Moyo wake haukusimama, daktari alikosea, kama hilo linamfariji mtu yeyote. Aliivaa tena ngozi kwa sababu ya baridi, na kabla sijafika mlangoni nilihisi mguu wake ukipiga sakafu, njia yetu ya kumwita mtu. Nilirudi. Akauweka mkono wangu juu ya ngozi yake ili nisome pamoja naye: Huduma ya mwendelezo imefikia kikomo. Kampuni inakupa pole. Walikuwa wamehisi, kama Kilimba alivyosema, na hawakuchelewa.

*

Siku hizi natembea na Skola nyumba kwa nyumba, mikono mitupu, kwa wale wanaotaka habari zote. Si wengi. Wengine walifunga milango walipojua, na Atupele wa Makambako aliniambia waziwazi kwamba amechagua ngozi yake na nisimletee uchungu wa watu. Nilimheshimu. Benadeta amerudi kwa Skola kujifunza mkono; ananiandikia sasa bila herufi kubwa, kwa ufupi, mambo ya lazima tu.

Kwa Mzee Yeremia naenda Jumapili, saa ambayo salamu zilikuwa zinaingia. Tenga lile limetundikwa ukutani, nililigonga kwa kichwa mara ya kwanza. Anakula kidogo. Hanifukuzi.

Nilipokwenda mara ya kwanza baada ya siku ile, niliutanguliza mkono wangu, mgongo wa kiganja juu, nikangoja kucha zake. Alinigusa begani mara moja, kwa adabu. Kisha akafungua kiganja, akakaa wima kusubiri habari, nami nikaanza na bei ya viazi.